Hesabu ya Magazini Iliyodondoka

Wenyewe huiita steji, na Mkenya akilisikia neno hilo macho yake hutafuta matatu. Hapa hakuna matatu. Steji ya wapiga bastola ni kipande cha ardhi kilichozungushiwa matuta ya udongo pande tatu, ndani yake mna vikuta vya mbao na wavu, mapipa ya plastiki, shabaha za kadibodi ya kahawia na mabamba ya chuma yanayoanguka yakipigwa. Saa ikilia, mtu mmoja hukimbia humo na bastola yake kwa sekunde 20 hivi. Muda wake mwingine uliobaki siku hiyo, na ni saa nyingi, huupitisha akibandika vibandiko kwenye matundu ya risasi za wenzake.

Mchezo wenyewe ulipata katiba yake mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, Jeff Cooper akawa rais wa kwanza wa shirikisho la kimataifa la IPSC. Kenya nako upo, pale Kirigiti, Kiambu. Mimi niliujulia Marekani, kwenye klabu ndogo za mashambani zilizo chini ya USPSA, chama cha mchezo huu huko, ambako Jumapili moja ya mwezi watu hufika alfajiri na nyundo, misumari na chupa ya kahawa.

Mgeni hushangazwa kwanza na jinsi silaha zilivyotulia. Bastola hukaa tupu ndani ya ala tangu ufike hadi uondoke, na huigusi ila mbele ya mwamuzi au kwenye meza ya usalama, ambako nako ni mwiko kushika risasi. Anayevunja mwiko huo hutolewa mashindanoni papo hapo, hata awe nani. Hakuna anayempigia kelele. Mara nyingi hubaki, akachukua vibandiko, akaendelea na kazi pamoja na kundi lake.

Lakini ukitaka kuwajua watu hawa, watazame wakibadilisha magazini.

Alama zako hugawanywa kwa sekunde zako. Steji ndefu haizidi risasi 32. Zote zikiingia katikati, 5 kila moja, unapata 160. Aliyepata 150 kwa sekunde 20 ana 7.5. Mwongezee sekunde 2 tu, anashuka hadi 6.8. Na sekunde 2 ndiyo bei ya kubadilisha magazini ukiwa umesimama kama mlingoti. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa njiani: hatua za kutoka kikuta hiki hadi kile ungezipiga vyovyote vile, mikono ikimaliza shughuli yake humo, umebadilisha bure.

Kidole gumba kinabonyeza kitufe, magazini iliyotumika inadondoka kwa uzito wake. Mkono wa kushoto tayari uko kiunoni, kidole cha shahada kimelala mbele ya magazini mpya, ncha yake ikigusa risasi ya juu, kinaielekeza kama mtu anayetia ufunguo kitasani. Macho yanatazama tundu, si shabaha. Kidole cha mkono wa bastola kiko nje ya kifyatulio, tena kinaonekana wazi, maana mwamuzi anayekufuata nyuma hana kingine anachokitazama kama hicho.

Mtunzi wa steji anayajua yote hayo, naye hutega hesabu. Kanuni za USPSA zinamkataza kudai zaidi ya risasi 8 kutoka mahali pamoja, na mimi nazilinganisha na adabu ya mezani: mwenye bastola ya kushika 8 naye ale ashibe. Mpe mwenye magazini ya 10 shabaha 4 za risasi mbili mbili, atapiga 8, abakiwe na akiba ya kusahihisha kosa, kisha ahame akibadilisha. Sasa mpe 6 hapa na 6 pale. Yeye ana 10 ndani ya magazini na moja kwenye chemba, jumla 11. Inapungua moja. Ama aitupe magazini ingali na risasi, ama asogee bila kubadilisha, aishiwe na risasi shabaha ya mwisho ikimkodolea macho. Mwenye magazini ndefu ya karibu 30 hupita pale bila hata kujua kwamba kulikuwa na swali.

Mtunzi mzuri haandiki popote kwamba mtu abadilishe wapi. Jamaa zetu wa IDPA, wapiga bastola waliojitenga na mchezo huu mwaka 1996, wana desturi nyingine: magazini yenye risasi huiachi chini, unaitia mfukoni. Wanasema ndivyo mtu angefanya akivamiwa kweli. Huenda. Mimi hunichosha, kama mwenyeji anayekupangia tonge lipi lianze.

Steji yangu ya kwanza niliitunga kwa majivuno. Watu waanzie kulia, wakimbilie kushoto hatua saba, wakibadilisha. Asubuhi hiyo mzee mmoja wa klabu alikuja na kikombe chake, akanyoosha kidole badala ya bastola, akaipita njia yangu polepole huku mkono wa pili ukijifanya unachomeka magazini. Kwenye hatua ya tano akasimama, akaniita nitazame kidole chake. Kilikuwa kimevuka tuta la kushoto, kinaelekea nyuma, walikoketi watu. Anayeshika kwa mkono wa kulia akikimbilia kushoto, mwili hugeuka na mdomo wa bastola hufuata. Mimi nilikuwa nimewachimbia shimo. Hakusema neno. Tulihamisha mapipa mawili, mbio zikaanzia kushoto, na mashoto wawili wa siku hiyo tukawaonya kwa majina, maana shimo sasa lilikuwa lao.

Ukimaliza kupiga, magazini zako huziokoti. Mwenzako mmoja huziokota, huzipangusa tope kwenye suruali yake na kukuletea mkononi, na katika kuzipangusa hutupia jicho ndani, kwani magazini iliyodondoka huonyesha ulichokusudia. Zikibaki risasi mbili au tatu: ulipanga. Tupu: ulishikwa. Siku hiyo, kwenye steji niliyoitunga mwenyewe, yule mzee ndiye aliyeniletea yangu. Aliigeuza mdomo juu nione, akanipa, akaenda kubandika.

Ilikuwa tupu.