Mbio za ridhaa Mugango: Anza polepole, ufike

Musoma. Usiku usio na mwezi ukiisha, mwalo wa Mugango unakuwa macho kabla ya jogoo. Mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zake, kina mama wanasubiri na ndoo, vijana wa bodaboda wanatafuta abiria wa kwanza. Hapo hapo, kwenye barabara ya vumbi inayotoka ziwani, mtu mzima akipita anakimbia na jasho linamtoka, lazima ageukiwe.

"Mwalimu, unakimbizwa na nani?"

Ni utani wa kawaida kwa anayefanya mazoezi kijijini, na wanaouliza wana sababu yao. Kando ya Ziwa Victoria mwili umezoea kazi. Kuna wavu wa kuvutwa, jembe la kushikwa na ndoo ya maji ya kubebwa kichwani. Kukimbia bila kufukuzwa na mvua wala kuwahi gari kunaonekana kama kupoteza nguvu.

Lakini maisha yamebadilika hata vijijini. Safari iliyokuwa ya saa nzima kwa miguu leo ni dakika kumi za bodaboda. Mwalimu anakaa kwenye kiti, mwenye duka anakaa dukani, fundi cherehani anakaa kwenye mashine yake. Jioni ni chipsi, soda na stori. Presha na kisukari, magonjwa yaliyokuwa yakiitwa ya watu wa mjini, sasa yanajulikana hadi zahanati za kijiji.

Ndiyo maana mbio za ridhaa zimeshika kasi nchini. Kuna klabu za jogging mitaani, kuna Kilimanjaro Marathon inayofanyika Moshi tangu 2003 ikiwa na kilomita 42, 21 na zile tano za kujifurahisha, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa ipo Rock City Marathon ya Mwanza. Wengi wanaojipanga kwenye mistari ya kuanzia hawana ndoto ya medali ya dhahabu. Wamekuja kutafuta afya.

Tatizo ni kwamba wengi wao huanza vibaya, na wakishaumia hawarudi tena.

KILOMITA 200 ZA MWALIMU

Watu wa Mugango hawahitaji kwenda mbali kutafuta somo la umbali. Jirani yao ni Butiama.

Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Rais Julius Nyerere alitoka Butiama kwa miguu kwenda Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU. Alikuwa na miaka 45. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na alifika.

Ilikuwa safari ya siasa, lakini kwa mtu wa mazoezi ina jambo la kujifunza. Mwalimu hakujaribu kuimaliza kwa siku moja. Aliigawa kwa siku kadhaa, akatembea, akapumzika, kesho yake akaendelea. Mtu wa miaka 45 anayeanza mazoezi leo angefuata utaratibu huo tu, majeraha mengi yasingetokea.

KIJANA WA MAJITA

Jirani mwingine ni Majita, alikozaliwa Suleiman Nyambui mwaka 1953. Huyu ni mmoja wa wanariadha wakubwa kuwahi kutoka Tanzania. Kwenye Olimpiki ya Moscow 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000 kwa dakika 13:21.6, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali yake na ile ya fedha ya Filbert Bayi katika mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000, michezo hiyo hiyo, ndizo pekee Tanzania ilizowahi kuleta nyumbani kutoka Olimpiki.

Kinachosahaulika ni kilichofuata. Nyambui hakuanza na marathoni. Alikimbia mita 1,500, 5,000 na 10,000 kwa miaka mingi. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, Marekani, alitwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Marathoni ya Berlin alikuja kuishinda mwaka 1987 kwa saa 2:11:11, akiwa na miaka 34, na mwaka uliofuata akaishinda tena.

Kwa maneno mengine, bingwa wa mbio ndefu aliyetoka kando ya ziwa hilo hilo alijijenga kwa miaka kabla ya kuzoa ushindi kwenye kilomita 42. Mkimbiaji wa ridhaa aliyenunua raba mwezi uliopita anataka kuzimaliza Februari.

WIKI TATU, GOTI KWISHA

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 42. Amepimwa, ameambiwa presha inaanza kupanda na kitambi kipunguzwe. Anashtuka. Anajiandikisha nusu marathoni, kisha anaingia barabarani kila siku, anakimbia mpaka pumzi ikate.

Wiki ya kwanza anateseka. Wiki ya pili anaona pumzi inakubali. Wiki ya tatu anajiona mwanariadha, anaongeza umbali maradufu. Siku ya mbio muziki unapigwa, umati unaondoka kwa kasi, naye anaondoka nao. Kilomita tano za mwanzo anapita watu. Kufika ya kumi na nne, goti linauma, miguu mizito, waliokuwa nyuma wanampita mmoja mmoja. Anamaliza kwa kuchechemea. Nyumbani anaziweka raba uvunguni na kusema mbio zimemshinda.

Hapo hasara si muda wa mbio. Hasara ni kwamba presha iliyompeleka barabarani bado ipo, na dawa aliyokuwa ameipata bila gharama kubwa ameitupa.

Kilichomwangusha kinajulikana. Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema, lakini kano, viungo na mifupa huchelewa. Mtu anajisikia ana pumzi, anaongeza mwendo, kumbe miguu bado haijawa tayari kuubeba mwendo huo. Pia kuna suala la akiba. Misuli na ini huhifadhi sukari ya kutumika kwenye kazi, na anayeondoka kwa kasi kubwa huimaliza mapema. Ikiisha, mwili hulazimika kutegemea zaidi mafuta, ambayo hutoa nguvu polepole. Hapo ndipo mtu anaposema "gari limezima".

Hata mabingwa hulinda akiba hiyo. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa mshindi wa pili, Amanal Petros wa Ujerumani. Ilibidi picha ya mstarini itumike kuwatenganisha. Baada ya kilomita 42, Simbu bado alikuwa na kitu miguuni.

AKHWARI ASIELEWEKE VIBAYA

Ukizungumzia kumaliza mbio Tanzania, jina la John Stephen Akhwari wa Mbulu halikosekani. Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, alianguka na kuumia goti na bega. Aliendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, akamaliza wa 57 kwa saa 3:25:27. Alipoulizwa, alieleza kuwa nchi haikumtuma mbali kote kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Ni hadithi ya kujivunia, ila wakimbiaji wa ridhaa huitumia vibaya. Akhwari alikuwa mwanariadha wa Olimpiki aliyeandaliwa. Muda wake ule wa siku ya kuumia, ukiugawa, ni chini ya dakika tano kwa kila kilomita, kasi ambayo wengi wa wanaokimbia Jumamosi hawaifikishi hata kwa kilomita kumi wakiwa wazima. Na alikuwa amebeba bendera ya nchi.

Mwalimu wa miaka 42 hakutumwa na nchi. Ametumwa na familia yake, na familia inamtaka arudi mzima. Goti likiuma kwa maumivu yanayobadilisha hatua, atembee au aache. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija au pumzi ikigoma kurudi, hapo mbio zimekwisha na safari ni ya hospitali. Kwa mtu wa ridhaa, kujua kuacha ni sehemu ya mazoezi.

RATIBA YA MTU WA KAZI

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea haraka kunahesabika.

Kwa anayeanza kabisa, mwezi wa kwanza usiwe wa kukimbia mfululizo. Dakika nne za kutembea haraka na moja ya kukimbia polepole, kurudia mpaka nusu saa iishe, siku tatu kwa wiki. Siku nyingine atembee tu. Mwili ukikubali, dakika za kukimbia zinaongezwa kidogo kidogo na za kutembea zinapunguzwa. Zikipita wiki nyingi kabla ya kukimbia kilomita tano bila kusimama, hakuna aliyechelewa.

Kipimo cha mwendo hakihitaji saa ya bei. Ni mdomo. Kama unaweza kusalimia wazee njiani na kumaliza sentensi, mwendo ni sahihi. Kama salamu inakatika katikati, punguza.

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au selimundu amwone mtaalamu wa afya kabla ya kuanza. Na dawa za presha haziachwi kwa sababu mtu ameanza kukimbia. Anayeweza kuzipunguza ni daktari. Mwenye homa asikimbie. Akapime malaria kwanza.

Barabarani, kimbia upande unaotazamana na magari na vaa nguo inayoonekana, maana bodaboda wa alfajiri ana haraka. Njia za ufukweni ziachwe mpaka kupambazuke vizuri. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na hakuna mkimbiaji wa ridhaa wa kushindana nao.

CHAKULA KIPO, TATIZO NI CHUMVI NA MAFUTA

Mkimbiaji wa Mugango hana haja ya unga wa kopo kutoka mjini. Ugali wa muhogo au wa mtama, viazi vitamu na ndizi vinampa nguvu. Dagaa na sato wanampa protini ya kurekebisha misuli, na dagaa anayeliwa mzima ana madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa. Mboga za majani zipo shambani.

Kinachoharibu ni mapishi. Dagaa wakizamishwa kwenye mafuta na chumvi ikarundikwa, faida inapungua. WHO inataka mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyoko tayari kwenye chakula.

Wakati wa kukimbia, kunywa maji kwa kufuata kiu. Kukaa na kiu kali ni hatari, lakini hata kujaza tumbo maji lita kwa lita ni hatari pia, kwa sababu chumvi ya damu hushuka kupita kiasi.

Halafu kuna lile jambo ambalo mtu wa ziwani hulifanya bila kufikiri: akimaliza mazoezi, anajitupa ziwani kupoza mwili. Maji yenye konokono wa kichocho ndiyo yanayoambukiza ugonjwa huo, na vimelea hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Mradi mkubwa wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama unachota maji hapo hapo Mugango. Mwenye bomba karibu akaoge nyumbani.

SIKU YA MBIO

Mtu aliyefanya mazoezi kwa subira ana haki ya kwenda Mwanza au Moshi kujipima. Aanze na kilomita tano. Zikikaa vizuri, mwaka mwingine ajaribu kumi, kisha 21. Kilomita 42 zipo tangu zamani, zitamsubiri.

Avae raba alizozizoea, hata kama ni za mtumba, mradi soli haijaisha. Ale chakula alichokizoea, saa mbili au tatu kabla. Umati ukiondoka kwa kasi, auache uende. Kama nusu ya mwisho ataikimbia kwa muda sawa na nusu ya kwanza, amekimbia kama mtu anayejua.

Na Jumatatu inayofuata arudi kutembea barabarani kwake. Hiyo ndiyo siku inayoonyesha kama mbio zimemsaidia. Medali ya kumaliza inaning'inizwa ukutani, lakini presha itapimwa tena mwezi ujao, na mwezi utakaofuata.

Wakimuuliza tena mwaloni anakimbizwa na nani, anaweza kujibu bila kusimama, maana mwendo wake ni wa kuongea: "Na presha, ndugu zangu. Na bado haijanikamata."