Vinara wa Kupaka: Kutoka Sandarusi hadi Pakiti ya Krispi

Katika karne ya 19, fundi wa magari ya farasi kule Uingereza au Marekani aliyetaka vanishi bora aliulizia bidhaa ya Zanzibar. Si karafuu. Aliulizia sandarusi, utomvu wa mti uliogandia ardhini, na nafasi ya kwanza katika orodha hii ya vinara wa kupaka ni yake bila ubishi: katika jamii yote ya sandarusi zilizowahi kupikiwa vanishi, hii ya pwani yetu ndiyo ngumu kuliko zote. Kilichoizidi ni kaharabu tu, na kaharabu ni mali ya sonara.

Jina lilikuwa la Unguja, ingawa mzigo mwingi ulitoka ng'ambo, Mrima, pwani ya bara, ambako Wazaramo na majirani zao walichimba mashimo mafupi mahali palipokuwa na misitu zamani, hasa mvua zilipolainisha udongo. Daktari John Kirk, aliyefika Unguja mwaka 1866 na baadaye kuwa balozi wa Uingereza, aliitenga katika aina tatu: inayobanduliwa mtini, iliyozikwa muda mfupi, na ile iliyokomaa ardhini hadi ikaota vipele juu yake kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa na bei. Ile changa, chakazi, wanunuzi waliikunjia uso.

Ugumu wake ulikuwa na gharama. Haikubali kuyeyuka katika mafuta ya kitani mpaka kwanza ipikwe kwenye moto mkali sana, sehemu ya uzito wake ikipotea kwa moshi. Ndipo ikachanganywa na mafuta, ikapunguzwa kwa tapentaini, ikapakwa tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka likasubiriwa likauke. Kumaliza gari moja la kifahari kulichukua wiki kadhaa.

Sijui kama kuna gundi nyingine ya mti iliyowahi kulindwa kwa mkataba wa kimataifa kama hii. Sultani Sayyid Said alipotiliana mkataba na Uingereza mwaka 1839, vitu viwili viliwekwa kando ya biashara huria kwenye pwani ya kuanzia upande wa Tanga hadi Kilwa: pembe za ndovu na sandarusi. Wamarekani, waliokuwa na mkataba wao tangu 1833, nao walinunua mjini Unguja, wakilipa kwa kitambaa ambacho hadi leo twakiita merikani. Mzigo ulikwenda Salem, Massachusetts, kwenye kiwanda cha Jonathan Whipple, ukaoshwa kwa maji ya magadi ili ganda litoke, ukaanikwa, ukachambuliwa kwa ukubwa na rangi. Mwaka 1861 Marekani ikatoza ushuru wa senti kumi kwa ratili ya sandarusi isiyosafishwa. Biashara ya Whipple ikadhoofika, na kazi ya kuosha ikahamia huku pwani.

Kuosha tu, lakini. Kupika vanishi, palipokuwa na faida nono, kulibaki Ulaya na Marekani. Tena shehena nyingine zilipitia Bombay, na zilipofika London zikauzwa kwa jina la India. Kwa hiyo sandarusi yetu ina rekodi ya pili: bidhaa ya pwani iliyoporwa jina kwa urahisi kuliko zote.

Iliyoivua ubingwa haikushinda kwa ugumu. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilileta rangi ya Duco, iliyotengenezwa kwa selulosi, na magari ya Oakland ya General Motors yakawa ya kwanza kuivaa. Duco ilikauka kwa saa, si kwa wiki. Mwenye kiwanda cha magari hakuhitaji kusikia zaidi.

Tuhamie kwenye wembamba. Ukitaka utando mwembamba sana ndani ya Mji Mkongwe, usiutafute makumbusho. Nenda Darajani ununue pakiti ya krispi, uipasue, utazame ule mng'aro wa ndani. Hiyo ni alumini iliyochemshwa ndani ya chumba kilichonyonywa karibu hewa yote hadi ikawa mvuke, kisha mvuke ukagandia kwenye plastiki inayopita kwa kasi juu ya roli baridi. Unene wake kwa kawaida haufiki nanomita 100. Unywele wa mtu unauzidi angalau mara 500. Mwanzo wa ufundi wa aina hii ni wa kale kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1857, mwaka ule ule msafiri Richard Burton alipoondoka Unguja kwenda bara akiandika pia habari za sandarusi, mwanasayansi Michael Faraday mjini London alikuwa akilipua nyuzi za dhahabu kwa umeme na kukusanya mvuke wake juu ya vioo.

Kwa ugumu, naupa zawadi msumari wa keekee wenye rangi ya dhahabu. Hauna dhahabu. Ni chuma kilichovishwa naitridi ya titani, unene wa mikromita chache, nao hudumu kuliko chuma kitupu.

Utando ulioleta manufaa zaidi vijijini ni ule wa paneli za sola. Rangi ya buluu iliyokoza kwenye paneli nyingi ni utando wa naitridi ya silikoni, uliowekwa kwa gesi ili mwanga usirudishwe hewani. Kinyasini, kaskazini mwa Unguja, chuo cha Barefoot hufundisha akina mama kufunga na kutengeneza mitambo hiyo.

Na wenye akili kuliko zote umefanyiwa kazi na Mtanzania. Nuru Mlyuka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Uppsala, Sweden, alichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu utando wa oksidi ya vanadi kwa ajili ya madirisha. Ukipata joto la kutosha, utando huo huzuia mionzi ya joto lakini mwanga huendelea kupita. Oksidi ya vanadi peke yake hubadilika kwenye nyuzi 68 hivi, joto ambalo dirisha la Unguja halifiki. Kuongeza magnesi kulishusha kiwango hicho na kuruhusu mwanga zaidi.

Mkongwe wa wote ni chokaa. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na majengo ya namna hiyo yameshikamana kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa tanuuni. Chokaa ni laini, na kwenye kuta hizi ulaini ndio sifa yake: unyevu na chumvi ya bahari vinavyopanda ukutani hupenya na kutoka nje. Saruji ni ngumu zaidi, na hapa pia, kama kwa sandarusi, ugumu hausaidii. Hufungia maji ndani, chumvi ikala jiwe, na plasta ikabanduka na kipande cha ukuta.

Mwenye nyumba Shangani au Malindi, ukuta ukianza kumomonyoka, mtafute fundi wa chokaa kwanza kabla hujaagiza mfuko wa saruji.