INJINI YA GARI LA ZAMANI INAPOMISI

Watumishi na wananchi wanaosafiri kwa magari ya zamani hadi Mbozi Mission, mkoani Songwe, wanafahamishwa kuwa injini kukosa moto kwa vipindi, au "kumisi" kama wasemavyo mafundi, hakuondolewi kwa kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Kwanza ijulikane hitilafu hutokea wakati gani.

Ikitokea asubuhi yenye ukungu na kutoweka injini ipatapo moto, hushukiwa unyevu kwenye nyaya za plagi au kifuniko cha distribyuta. Gizani, boneti ikiwa wazi, cheche huonekana zikiruka kutoka kwenye waya uliopasuka. Waya huo usiguswe injini ikiunguruma. Ikianza baada ya mwendo mrefu na kukoma gari linapopoa, hupimwa koili. Ikitokea mlimani tu, huchunguzwa plagi na chujio la mafuta.

Aidha, hewa hupungua uzito kwa takribani asilimia 10 kila mita 1,000 za kupanda. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa huko petroli ya kupita kiasi, na plagi hujaa masizi. Fundi asiyeuliza gari limetoka wapi huuza plagi mpya bila sababu.

Barabara ya Tunduma ina malori mengi. Gari linalomisi lisijaribu kuyapita.