Pete mguuni mwa heroe yafichua siri ya safari zake

Heroe wanapotoweka ghafla katika Ziwa Nakuru, swali huwa ni moja: wamekufa au wamehama? Jawabu lake lina uzito mkubwa. Ndege hao, ambao wengi huwaita flamingo, ndio walioifanya Nakuru ijulikane ulimwenguni, na waongozaji watalii, madereva na wenye hoteli wamejipatia riziki kwa miaka mingi kutokana na ufuo uliogeuka rangi ya waridi.

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama tu. Heroe mmoja hatofautiani na mwenzake, na kundi linaloonekana leo katika Ziwa Bogoria laweza kuwa lile lile lililokuwa Nakuru juzi, au jingine kabisa. Kwa sababu hiyo wataalamu huwatia ndege alama, na alama iliyotumika kwa muda mrefu zaidi ni pete mguuni.

Ndege wadogo hunaswa kwa nyavu nyembamba ambazo hawazioni kwa urahisi. Mtaalamu humpima kila mmoja uzito na urefu wa bawa, hukadiria umri wake, humvisha pete nyepesi ya metali, kisha humwachilia. Pete hiyo huwa na namba isiyopewa ndege mwingine, pamoja na anwani ya kupelekwa habari. Ndege wakubwa kama heroe huweza pia kuvishwa pete za plastiki zenye herufi kubwa zinazosomeka kwa darubini, hivyo si lazima wakamatwe tena.

Namba huandikwa katika kumbukumbu pamoja na tarehe na mahali. Siku pete hiyo inapoonekana kwingine, mtaalamu hupata mambo mawili kwa pamoja: alikokwenda ndege huyo na muda aliouishi.

Njia hii imeleta matokeo ya kushangaza nchini Kenya. Baadhi ya chamchanga, ndege wa kando ya maji waliovishwa pete kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, walipatikana baadaye Siberia, nchini Urusi. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, wataalamu wamekuwa wakivisha pete ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia tangu mwaka 1969, hasa usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, ndege hao wanapovutwa na taa za hoteli iliyo mlimani.

Hata hivyo, ndege hao husafiri kwa kufuata majira. Huja baridi inapoanza kwao na kurejea inapokwisha. Heroe mdogo hana kalenda ya namna hiyo. Huhama wakati wowote, aghalabu usiku, na huenda ziwa lolote lenye chakula. Mtu aliyewaona alasiri aweza kuamka na kukuta ufuo mtupu.

Kwa muda mrefu hata mahali wanapozaliana palikuwa fumbo. Mwaka 1954, Leslie Brown, afisa wa kilimo aliyekuwa bingwa wa elimu ya ndege, aligundua viota vyao katika Ziwa Natron, Tanzania. Alipojaribu kuvifikia kwa miguu, alikwama katika matope ya magadi, akaungua vibaya miguuni na nusura apoteze maisha.

Mwaka 1962 Natron ilifurika na heroe wakaenda kutaga katika Ziwa Magadi, upande wa Kenya. Huko makinda yalipatwa na balaa: chumvi iliganda miguuni mwao mfano wa pingu, yakashindwa kutembea. Brown, mpiga picha za wanyamapori Alan Root na wenzao waliingia ziwani kuzivunja pingu hizo kwa kuzigonga taratibu. Makinda mengi yalikufa, lakini maelfu yaliokolewa. Katika shughuli hiyo, maelfu ya makinda yalivishwa pete.

Matunda ya kazi hiyo yaliendelea kuvunwa miongo mingi baadaye. Mwaka 2013 heroe aliyevishwa pete akiwa kinda huko Magadi mwaka 1962 alipatikana katika Ziwa Bogoria, zaidi ya kilomita 200 kutoka alikozaliwa. Alikuwa ametimiza nusu karne. Bila ile namba mguuni, hakuna ambaye angejua kwamba heroe wa porini aweza kuishi muda huo wote.

Pamoja na sifa hizo, pete ina upungufu wake. Hueleza mwanzo wa safari na mahali ndege alipoonekana tena, lakini haisemi alipita wapi. Ili kuziba pengo hilo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwafunga heroe wachache wa Bogoria vyombo vidogo vya kupeleka mawimbi kwenye satelaiti. Ilidhihirika kwamba ndege mmoja huweza kuzunguka maziwa mengi ya Kenya na Tanzania bila kujali mpaka wa nchi.

Funzo lake ni kwamba hakuna heroe wa Nakuru peke yake. Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa ni kama vyumba vya nyumba moja: Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni vya kulia, na Natron ndicho cha kulelea watoto, kwa kuwa ndiko mahali pekee Afrika Mashariki wanakozaliana mara kwa mara. Ndiyo sababu mpango wa kujenga kiwanda cha magadi kando ya Natron ulizua ubishi mkali katika miaka ya 2000, hata miongoni mwa Wakenya.

Swali la kufa au kuhama limezidi kuwa zito. Katika miaka ya 1990 heroe wengi walikufa Nakuru na Bogoria. Baadaye, kuanzia takriban mwaka 2010, maji ya Ziwa Nakuru yalipanda na kumeza sehemu ya ardhi ya mbuga. Maji yanapoongezeka, magadi huzimuliwa na mwani unaoliwa na heroe hupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Current Biology, uliotumia picha za satelaiti za maziwa 22 ya Afrika Mashariki, ulionyesha kwamba chakula hicho kimepungua kadiri maziwa yalivyopanuka.

Ikiwa vyumba vyote vinapungukiwa chakula kwa wakati mmoja, kuhama hakutakuwa tena kinga. Kulijua hilo mapema kunahitaji wataalamu wa kuwatia ndege alama, na pia macho ya wananchi.

Mvuvi, mchungaji au mwanafunzi anayemkuta ndege mwenye pete hapaswi kuiondoa iwapo ndege yu hai. Anachotakiwa ni kuandika namba au herufi zote, mahali na tarehe, kisha kupeleka habari kwa Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi au kwa afisa wa wanyamapori aliye karibu. Pete ya mwaka 1962 ilikaa kimya kwa zaidi ya miaka 50. Ilizungumza siku ilipopata mtu wa kuisoma.