Karamu ya Mwisho Katika Chumba cha Kulia

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa Kasansa sebule ndiyo chumba cha kulia, na ukutani hutundikwa picha ya Karamu ya Mwisho. Desturi hiyo ni njema. Leonardo da Vinci naye aliichora Karamu yake, kati ya mwaka 1495 na 1498, kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa Wadominikani wa Santa Maria delle Grazie, Milano. Walikula wakimtazama Bwana akila na mitume wake.

Hatuiabudu karatasi. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa.

Linalotusikitisha tunapotembelea familia ni jingine: baba hula peke yake chini ya picha hiyo, mama na watoto wakibaki jikoni. Kristo hakujitenga, hata Yuda alichovya pamoja naye. Tunaomba, walau jioni ya Dominika, wote wakae pamoja, na mtoto mmojawapo aongoze sala ya kabla ya chakula.

Picha itundikwe mbali na moshi, baada ya kubarikiwa na padre. Ikichakaa isitupwe jalalani, wala isifungiwe vitumbua (tumeyaona hayo); ichomwe kwa heshima, majivu yafukiwe. Asiyeweza kununua picha asione haya: msalaba wa mbao uliochongwa na seremala wa kijijini unatosha kabisa.