Kombe lisilopatikana, heshima isiyopotea

Msimu wa michezo ya shule unapowadia, gumzo katika vyumba vya walimu na mabweni huwa moja: mwaka huu kombe litakwenda wapi? Sina ugomvi na makombe. Hata hivyo, timu ambayo ningependa kila mwalimu wa michezo awasimulie vijana wake haikuinua kombe kubwa lililoistahili, ilhali haikushindwa hata mara moja.

Ninaizungumzia timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco, California, mwaka 1951. Msomaji asiuchanganye mchezo huo na kabumbu letu: mpira wake una umbo la yai, nao hubebwa mikononi huku wapinzani wakijitahidi kumwangusha anayekimbia nao.

Chini ya mkufunzi Joe Kuharich, vijana hao walicheza mechi 9 na kushinda zote. Nyota wao, Ollie Matson, alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566, na hakuna mchezaji wa vyuo vikuu nchini Marekani aliyemfikia mwaka huo. Katika ulinzi aling'ara Burl Toler. Wawili hao walikuwa weusi. Wenzao walikuwa weupe.

Enzi hizo, timu bora zilialikwa kwenye mechi maalumu za Mwaka Mpya, zenye sifa na fedha nyingi. Chuo hicho kilizihitaji mno fedha hizo, kwani kandanda ilikuwa ikikitia hasara. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba mlango wa kwenda kusini mwa nchi ulifunguliwa kwa sharti moja: Matson na Toler wabaki nyumbani. Kusini, ubaguzi ulikuwa sheria na desturi. Hukumu ya Mahakama ya Juu iliyoharamisha utengano wa rangi katika shule za umma ilitolewa mwaka 1954.

Vijana wakakataa. Ama waende wote, ama asiende yeyote.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaliko haukuja, na baada ya msimu huo chuo kikaivunja timu yenyewe.

Tusidhani kisa hiki ni cha ugenini. Mwaka huo huo, hapa kwetu Kenya, watoto walisomea shule zilizotengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika.

Yamkini wapo watakaosema kwamba vijana wale walikosa busara; kwamba wangekwenda, wakashinda, kisha wakalalamika. Naona hoja hiyo ina walakini. Ushindi unaopatikana kwa kuwafungia nje waliouchuma ungekuwa wa nani? Tena, aliyekubali kumwacha mwenzake leo kwa sababu ya rangi, kesho atamwacha kwa sababu gani?

Matson alikwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, akarudi na nishani ya shaba katika mbio za mita 400 na ya fedha katika kupokezana vijiti. Toler aliumia goti mwaka huo huo, na ndoto yake ya kucheza kandanda ya kulipwa ikazimika. Mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya mchezo huo. Lakini linalonigusa zaidi ni kwamba alikuwa pia mwalimu, akapanda hadi kuwa mkuu wa shule huko San Francisco. Yule aliyetakiwa aachwe nyuma ndiye aliyekabidhiwa watoto wa mji ule awaongoze.

Walimu wenzangu, siku ya fainali basi la shule linapowashwa, hutokea mchezaji aliyetoa jasho tangu raundi ya kwanza akaachwa langoni kwa sababu karo haijakamilika, au nafasi yake ikapewa mgeni aliyeletwa juzi kwa ajili ya kombe tu. Wanafunzi waliomo ndani ya basi huona kila kitu. Hilo pia ni somo, ingawa halimo katika silabasi.

Nanyi wanafunzi, wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kabla basi halijaondoka, hesabuni waliomo. Akikosekana mmoja wenu pasipo haki, semeni.