Kadi ya Chakula: Hasara ni ya Nani?

Katika miji mingi ya Marekani, hasa tangu mwaka 2022, limekuwa likitokea jambo ambalo mfanyakazi yeyote aishiye kwa ujira wa mwezi atalielewa bila ya kuelezwa sana. Mama afika dukani asubuhi ya siku ambayo msaada wake wa chakula huingia. Ajaza kikapu chake mkate, maziwa, mayai na nyama ya kuku. Afika mbele ya keshia, apitisha kadi yake katika mashine, abonyeza tarakimu nne za siri, na mashine yamjibu kwamba hamna kitu. Msaada uliingia usiku wa manane; kabla ya kupambazuka ulikuwa umekwisha kutumiwa na mtu asiyemjua, pengine katika mji asiopata kuukanyaga. Na kadi yenyewe i mkononi mwake. Haikupotea, wala hakumwazima mtu. Arudisha vitu rafuni kimoja kimoja, na walio nyuma yake katika foleni wamtazama.

Ni nani alipaye hasara hiyo? Wengi hudhani kwamba jambo hili ni la mitambo, na kwamba mafundi wakiboresha mashine basi limekwisha. Si hivyo. Mitambo ina sehemu yake, nasi tutaieleza. Lakini aliyemwacha mama yule mikono mitupu mbele ya keshia ni sheria, tena sheria iliyoandikwa na watu waliojua walitendalo.

Yafaa kwanza tujue kadi hii ilitoka wapi. Serikali ya Marekani ilianza kuwapa watu stempu za chakula mwaka 1939, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, wakati maghala yalipojaa mazao yasiyo na wanunuzi na huku mijini watu wamekosa kazi na chakula pamoja. Mtu alinunua stempu za rangi ya chungwa kwa fedha zake mwenyewe, na kwa kila dola moja akapewa bure stempu za buluu za thamani ya nusu dola, za kununulia vyakula vile vilivyozidi. Mpango ule ukakoma mwaka 1943, kwa kuwa vita vilikuwa vimemaliza ziada na kuwapatia watu kazi. Ukafufuliwa kwa majaribio mwaka 1961, alipoingia Rais Kennedy. Wa kwanza kupokea walikuwa nyumba moja yenye watu 15 katika wilaya ya McDowell, West Virginia, nchi ya wachimba makaa ya mawe, ambako mashine zilikuwa zimeshika kazi za maelfu ya watu. Walipata stempu za dola 95. Tarehe 31 Agosti, 1964, Rais Johnson alitia sahihi sheria ya kuufanya mpango huo uwe wa kudumu. Na tangu mwaka 2008 waitwa SNAP.

Hati zile za karatasi zilikuwa mfano wa noti, zimeshonwa katika vijitabu. Zilipigwa chapa kwa uangalifu ule ule wa fedha, zikasafirishwa kwa ulinzi, zikahesabiwa zilikogawiwa, zikahesabiwa tena na mwenye duka, zikahesabiwa mara ya tatu na benki, na mwisho zikaharibiwa. Gharama ya kuziendesha ilikuwa kubwa. Lakini kwa yule aliyezitumia gharama iliyo kubwa zaidi ilikuwa ya uso wake: alipotoa kijitabu na kuanza kuchana hati moja moja, duka zima lilijua kuwa huyu ni maskini wa serikali.

Tena palikuwa na walanguzi. Hati haikununua sabuni, wala dawa, wala haikulipa kodi ya nyumba. Basi mtu mwenye hati za chakula lakini hana senti taslimu alimwendea mwenye duka asiye mwaminifu, akamwachia hati za dola kumi na kupokea fedha pungufu mno, pengine nusu yake. Naye mwenye duka akaenda benki kudai kumi kamili. Maskini alipunjwa, serikali ikapunjwa, na aliyekaa katikati akanenepa. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba mwaka 1993 senti 3.8 katika kila dola ya msaada zilikuwa zikipita njia hiyo.

Kwa hiyo kadi ilipoletwa ilikuwa neema, wala asiseme mtu kwamba mwandishi huyu ni adui yake. Ilijaribiwa katika mji wa Reading, Pennsylvania, mwaka 1984. Maryland ikawa jimbo la kwanza kuitumia kila mahali, mwaka 1993. Sheria ya mwaka 1996 ikaamuru majimbo yote yaache karatasi ifikapo Oktoba 2002, na yaliyochelewa yakamaliza mwaka 2004. Katika miaka ya 2002 hadi 2005 ulanguzi ulikadiriwa kuwa umeshuka hata senti 1 katika kila dola. Na yule mama mwenye kikapu sasa alipitisha kadi kama apitishavyo kadi yake karani wa benki aliye mbele yake, na hakuna aliyegeuza shingo.

Lakini kadi zilikuwa za namna mbili, na hapo ndipo penye kiini cha habari yetu.

Kadi ya namna ya kwanza ina utepe wa sumaku mgongoni. Utepe huo haubebi msaada; wabeba nambari tu. Mtu apitishapo kadi, mashine ya dukani huiuliza kompyuta kuu kwa njia ya simu kama nambari ile ina kitu, na kompyuta hujibu ndiyo au hapana. Simu ikikatika au kompyuta ikizimika, hapana chakula. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, 2013, mitambo ilipokwama na kadi za majimbo 17 zikakataa kwa siku ile moja. Na ubaya wa utepe ni kwamba nambari yake haibadiliki kamwe. Aweza kuisoma yeyote mwenye kifaa, na akiisha kuisoma aweza kuiandika juu ya kadi nyingine yoyote tupu.

Kadi ya namna ya pili ina chipu, yaani kijisahani cha rangi ya dhahabu kama kile cha laini ya simu. Ndani yake mna kompyuta ndogo. Mwanzoni mwa mwezi mwenye kadi huichomeka katika mashine, nayo hujazwa posho yake yote. Kisha kila anunuapo, mashine hupunguza hesabu mle mle ndani ya kadi, bila ya kupiga simu mahali popote. Jioni mwenye duka hupeleka hesabu za siku kwa mkupuo mmoja. Kuinakili kadi ya namna hii ni kazi ngumu mno, kwa kuwa chipu huficha siri yake hata mbele ya mashine inayoisoma.

Msidhani kwamba Wamarekani hawakuijua. Waliijaribu mjini Dayton, jimbo la Ohio, mwaka 1992, miaka mingi kabla ya mabenki yao kuanza kuwapa wateja chipu. Ohio ikaieneza katika jimbo zima, na Wyoming nayo ikaichagua. Majimbo mengine karibu yote yakachagua utepe, kwa sababu zisizokosa maana: utepe ulikuwa rahisi kwa bei, nyaya za simu za mabenki zilikuwa zimekwisha tandazwa, na kadi ya utepe ilivuka mpaka wa jimbo hata jimbo bila taabu, ambapo ile ya chipu iligota mpakani. Katika miaka ya 2000 Ohio na Wyoming nazo zikaacha chipu katika msaada huu na kufuata wenzao. Chipu ikabaki kwa miaka mingi katika majimbo machache, kwa msaada mwingine ulio wa akina mama wajawazito na watoto wachanga.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anao mfano wa karibu. Kaskazini mwa Kenya, katika Turkana, Wajir, Mandera na Marsabit, serikali ya Kenya kwa msaada wa Uingereza ilianza mwaka 2009 kuwalipa watu wa nyanda za ukame fedha za kuwakinga na njaa, kwa mpango uitwao kwa kifupi HSNP. Awali kila nyumba ilipata shilingi 2,150 kwa miezi miwili, na mfugaji alizipokea kwa kadi yenye chipu iliyobeba alama za vidole vyake, akilipwa na mwenye duka wa hapo alipo, aliyepewa mashine na benki. Sisemi kwamba kadi ile haikuwa na kasoro. Vidole vya mzee, au vya mtu aliyesugua mikono kwa kazi miaka 40, mara nyingine mashine haivitambui. Nasema tu kwamba mfugaji wa Turkana alipewa chipu mwaka 2009, na fundi asiye na kazi wa nchi iliyo tajiri kuliko zote alikuwa angali na utepe.

Sasa tuje kwenye sheria. Tangu mwaka 1978 Marekani ina sheria imlindayo mwenye akaunti ya benki. Akiibiwa kwa njia ya kadi, na akatoa habari katika siku mbili za kazi, hasara yake haizidi dola 50. Iliyobaki ni ya benki. Kwa sababu hiyo mabenki yana haja ya kuzuia wizi, maana mwizi aiibia benki. Mwaka 1994 Benki Kuu yao ilitoa kanuni kwamba ulinzi huo uwafikie na wenye kadi za msaada wa serikali, ikayapa majimbo muda hadi Machi 1997 kujitayarisha. Majimbo yakapiga kelele. Yakasema yatafilisika, yakasema watu watakula posho yao kisha wadai wameibiwa. Ndipo ile sheria ya mwaka 1996, iliyoamuru kadi zitumike nchi nzima, ikatia ndani yake kifungu cha kumtoa mpokea msaada katika ulinzi ule. Mkono mmoja uliomkabidhi kadi ndio uliomvua ngao.

Angalieni matokeo. Oktoba 2015 ilianza kutumika kanuni ya makampuni ya kadi kwamba pakitokea wizi kwa kadi ya kughushi, hasara itamwangukia yule ambaye hakuweka chipu, awe benki au duka. Mara chipu zikajaa nchini. Kadi za chakula zikabaki na utepe, kwa kuwa hapakuwa na tajiri yeyote aliyepata hasara kwa wizi wake. Na mwizi si mjinga: mlango wa jirani ukitiwa komeo, huenda kwenye usio na komeo. Wakaanza kubandika juu ya mashine za dukani kifuniko bandia kifananacho kabisa na chenyewe, chenye kusoma utepe na kunasa namba ya siri inapobonyezwa. Hawahitaji hata kubahatisha siku, kwa kuwa kila jimbo hutangaza tarehe za kuingiza msaada.

Malalamiko yalipozidi, Bunge la Marekani katika sheria ya matumizi ya Desemba 2022 liliruhusu fedha za serikali kuu zitumike kuwarudishia walioibiwa tangu tarehe 1 Oktoba, 2022. Lakini liliweka mipaka: marejesho yasizidi posho ya miezi miwili, wala mtu asirudishiwe zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Ruhusa hiyo ilikuwa ya muda. Ikaongezwa kidogo, na tarehe 20 Desemba, 2024, ikakoma. Aliyeibiwa tarehe 19 alikuwa na pa kwenda. Aliyeibiwa tarehe 21 aliambiwa pole.

Watu wanaoambiwa hivyo ni nani? Wengi ni watoto, wazee na wasiojiweza kwa ugonjwa. Na katika wale wenye nguvu, wengi hufanya kazi katika maduka, majiko ya hoteli na nyumba za kutunzia wazee, ila ujira wao hauwafikishi mwisho wa mwezi. Huenda keshia aliyemjibu yule mama kwamba kadi haina kitu naye anayo kama hiyo mfukoni.

Hatudai kwamba chipu itaponya kila kitu. Novemba 2025, mabishano ya bajeti yalipofunga ofisi za serikali kuu, mamilioni walingoja msaada uliochelewa, na kwa kadi tupu ni mamoja iwe na chipu au utepe. Lakini kwa wizi huu dawa inajulikana, na umri wake ni zaidi ya miaka 30. Mwanzoni mwa mwaka 2025 California ilianza kuwapelekea watu wake kadi mpya zenye chipu, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo tangu wizi huu uanze. Ilikuwa imekwisha kurudisha mamilioni ya dola kwa walioibiwa, na hasara ikiisha kuingia katika vitabu vya serikali, fedha za kununulia chipu huonekana upesi.

Kwa wale waliobaki na utepe, maofisa wa majimbo wametoa shauri moja: kila mwezi, usiku wa kuamkia siku ya msaada, mwenye kadi apige simu abadili namba yake ya siri, kisha alfajiri na mapema awahi dukani kabla ya mwizi.